PIKIPIKI INATETEMEKA: ULIZA MASWALI MBELE YA KUNUNUA KITU



Kazini, mtu wa pompi akiweka mkono juu ya mashini na kusikia kwamba leo inatetemeka kupita jana, hangoji. Anamwita shefu wake, pompi inasimamishwa, fundi anakuja kutafuta sababu. Tulifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza: mashini haitetemeki bure. Lakini mtu yuleyule, zamu yake ikiisha, anapanda pikipiki ambayo inatetemeka tangu mwezi mzima, anamchukua mama nyuma, anaondoka. Ukimwuliza, anajibu: «Ni barabara tu.»

Leo tutazungumza juu ya mtetemo huo. Si lazima uwe fundi ili kufuata somo hili. Inatosha kuwa na masikio, mikono, na uvumilivu wa nusu saa.

MAMBO YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Mimi ninayeandika nina pikipiki ya 125, moteri ya pistoni moja, kama zile nyingi mnazoziona barabarani hapa Katanga. Mwanzo wa mvua, niliona kwamba nikifika kazini vidole vyangu vinawasha na kufa ganzi. Kioo cha nyuma kilikuwa hakionyeshi tena vizuri: kila gari lilionekana kama liko ndani ya moshi. Mambo hayo yalikuja nilipofika karibu na kilometa 50 kwa saa. Chini ya hapo, kimya.

Rafiki wa kwanza aliniambia: «Ni mpira wa nyuma.» Nilinunua mpira mpya. Mtetemo ulibaki. Rafiki wa pili akasema: «Ni rulema za gurudumu.» Nilinunua rulema. Mtetemo ulibaki. Wa tatu akacheka: «Pikipiki hizi zote ni hivyo, utazoea.» Huyo hakuniomba fedha, basi nikamsadiki. Nikazoea muda wa miezi miwili.

Jioni moja mama wa nyumba yangu aliniambia: «Baba watoto, kitu hiki kilianza wiki ile walipofungua moteri. Mbele ya hapo nilikuwa nabeba mayai nyuma yako, halipasuki hata moja.» Nilimsikia, lakini sikufikiri. Nilisema moyoni: mama anajua nini juu ya moteri?

Siku ya pumziko, jirani yangu, kijana anayetunza ventilateri za mgodi, alikuta naosha pikipiki. Nilimweleza habari yote. Akaniuliza: «Yaya, umenunua vitu viwili. Na maswali, umeuliza mangapi?»

Nilinyamaza, kwa sababu sikuuliza hata moja.

Alivaa kaske, tukaenda kwenye njia iliyonyooka ambako hakuna watu. Alipanda mpaka 50 katika vitesi ya 4: ikatetemeka. Akaweka vitesi ya 5, akabaki palepale kwenye 50: ikatulia. Akaongeza mpaka karibu na 60 katika vitesi ya 5: ikaanza tena. Alirudi, akazima moteri, akasema: «Magurudumu hayana kosa. Ulinunua mpira na rulema bure. Mwenye kosa ni moteri ao kitu kinachoishika.»

Tulifika nyumbani, tukaondoa kiti na tangi ya esanse. Pale juu, pahali moteri inaposhikwa kwenye shasi, palikuwa na tundu tupu. Buloni haikuwapo. Na karibu na kibati kile, juu ya bomba la shasi, palikuwa na mstari mwembamba wa kutu, mwembamba kama unywele. Kijana alipangusa kwa kitambaa chenye esanse, akaufuata kwa ukucha wake. Mstari ulizunguka karibu nusu ya bomba. Haukuwa uchafu. Ilikuwa ufa.

Buloni hiyo iliondolewa siku walipofungua kichwa cha moteri, na haikurudishwa. Aliyefanya kazi ile alisahau. Lakini mimi nami sikuangalia, na mama wa nyumba aliponipa jibu, sikulipokea. Buloni moja inayotoshea katika kiganja ilikuwa ikikata shasi yangu polepole muda wa miezi miwili, na muda huo wote nilikuwa nachukua watoto asubuhi kwenda masomoni.

Habari ni hiyo. Sasa tufike kwenye somo.

VITU VIWILI VINAVYOZUNGUKA

Juu ya pikipiki kuna makundi mawili ya vitu vinavyozunguka. Kundi la kwanza ni magurudumu: yanafuata mwendo wa barabara. Kundi la pili ni moteri: inafuata gazi na vitesi. Mtetemo mwingi unatoka katika kundi moja ao jingine. Ukijua ni kundi gani, umekwisha kufanya nusu ya kazi, na hujatoa hata senti.

Angalia hesabu hii. Mpira wa 3.00-18, ambao uko kwenye pikipiki nyingi za 125, ukizunguka mara moja unakwenda karibu mita 1.9. Ukienda kilometa 60 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Lakini moteri wakati huo inaweza kuwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, maana yake mara 100 kila sekunde.

Kwa hiyo mitetemo hii miwili haifanani. Ule wa gurudumu ni wa kupiga-piga: du-du-du-du. Mwili unauona katika kiti, usukani unacheza. Ule wa moteri ni mwembamba na wa haraka, kama nyuki ndani ya kopo: mikono inakufa ganzi, miguu inawasha, kioo kinaonyesha ukungu. Mimi nilikuwa na nyuki, lakini nilinunua mpira.

MASWALI MATANO MBELE YA KUSHIKA UFUNGUO

Chukua karatasi, andika majibu. Usijibu kwa kichwa tu, kwani kichwa kinapenda kujibu kile ambacho kimekwisha kuamini.

1. Mtetemo ulianza siku gani, na siku chache mbele ya hapo kitu gani kilifunguliwa? Mpira uliobadilishwa? Sheni iliyokazwa? Moteri iliyofunguliwa? Mzigo mzito? Kuanguka? Swali hili linapita mengine yote. Kitu kilichoguswa mwisho ndicho cha kwanza kuangaliwa.

2. Unakuja kwa mwendo gani, na katika vitesi gani?

3. Unausikia wapi: mikononi, katika kiti, ao miguuni? Mikononi peke yake, fikiri kwanza mbele ya pikipiki. Katika kiti, fikiri gurudumu la nyuma na sheni. Pahali pote mara moja, fikiri moteri.

4. Unabadilika ukishika freni? Ukiachia gazi? Ukichukua mtu nyuma?

5. Ni sawa kila siku, ao unaongezeka? Mtetemo unaoongezeka una haraka. Wewe pia uwe na haraka.

MAJARIBIO MATATU

Mbele ya jaribio lolote: kaske kichwani, viatu vilivyofungwa, na njia iliyonyooka bila watu wala watoto. Kwanza kwanza, kaza kwa mkono nati za magurudumu yote mawili, na tazama kama pini zake zipo. Kama nati inazunguka kwa vidole, usiende kujaribu: umekwisha kupata ugonjwa.

Jaribio la kwanza: pikipiki imesimama. Washa moteri bila vitesi, ongeza gazi polepole mpaka juu kidogo, kisha rudisha. Weka kiganja juu ya tangi, kisha juu ya usukani. Kama mtetemo wako unakuja hata pikipiki ikisimama, magurudumu hayahusiki. Kama haukuji, usiwaachilie moteri bado. Pengine inasumbua wakati wa kuvuta mzigo tu.

Jaribio la pili: mwendo mmoja, vitesi mbili. Nenda mpaka mwendo ule unaoleta mtetemo. Kisha badilisha vitesi, lakini ubaki kwenye mwendo uleule. Kama mtetemo unabaki sawa, unafuata barabara: tafuta katika magurudumu, mipira na sheni. Kama unatoweka, kisha unarudi kwa mwendo mwingine, unafuata moteri. Jaribio hili ndilo kijana yule alilonifanyia. Lilichukua dakika 10.

Jaribio la tatu: ambreyaji. Ukiwa kwenye mwendo ule, vuta ambreyaji na uachie gazi, pikipiki iteleze yenyewe muda wa sekunde chache, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Moteri sasa inapumzika, lakini magurudumu yanazunguka bado. Mtetemo ukiendelea, ni magurudumu. Ukikatika mara moja, ni moteri, ao ni sheni inayovutwa.

Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha jaribu tena. Mtu anayebadilisha vitu vitatu siku moja, hata pikipiki ikipona, hajui dawa ilikuwa gani. Na ikirudi kuugua, anaanza upya.

KAMA NI MAGURUDUMU

Simamisha pikipiki juu ya mguu wa katikati. Zima moteri, tia ufunguo wa kuwashia mfukoni. Tunasema tena kwa nguvu: ZUNGUSHA GURUDUMU KWA MKONO, KAMWE KWA MOTERI. Sheni inayovutwa na moteri inaweza kukata kidole chako mbele hujasema «basi».

Matope. Wakati wa mvua, udongo wetu mwekundu unaingia ndani ya janti na kukauka upande mmoja. Gurudumu linakuwa na uzito upande ule, linaanza kurusha. Osha kwanza. Mitetemo mingine inapona kwa ndoo moja ya maji.

Janti na rayo. Funga kijiti kidogo karibu na janti, kisha zungusha gurudumu polepole. Tazama nafasi kati ya kijiti na janti. Ikifungua na kufunga kupita milimita 2, janti imepinda ao rayo hazivuti sawasawa. Piga rayo moja moja kwa ufunguo mdogo: rayo nzuri inalia, iliyolegea inasema «pok». Kukaza rayo ni kazi ya mtu anayeijua. Ukikaza ovyo, unapindisha janti zaidi.

Mpira. Tafuta uvimbe, mpasuko, na pahali palipolika kupita pengine. Karibu na janti kuna mstari mdogo unaozunguka mpira. Mstari huo unapaswa kuwa mbali sawasawa na janti pande zote. Kama pahali pamoja umezama, mpira haukukaa vizuri siku ulipotiwa. Pima pumzi asubuhi, wakati mpira ni baridi, kwa kipimo, si kwa kupiga teke.

Rulema. Shika gurudumu juu na chini, jaribu kulicheza huku na huku. Likipiga «ka-ka», rulema zimechoka ao nati imelegea. Zungusha na usikilize: gurudumu zuri halina sauti ya mchanga.

Freni. Kama mtetemo unakuja wakati wa kushika freni tu, ngoma ao sahani ya freni haiko sawa tena. Kwenye freni ya ngoma ya nyuma, angalia kile chuma kirefu kinachozuia ngoma isizunguke: buloni zake mbili zipo na zimekazwa? Chuma hicho kikiachia, ngoma inazunguka na gurudumu linaweza kujifunga katikati ya njia.

Sheni. Sukuma sehemu ya chini kwa kidole, juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za 125, icheze kati ya milimita 20 na 30. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima pahali panne, ukizungusha gurudumu kila mara. Kama inakaza pahali pamoja na kulegea pengine, imelika vibaya. Tazama na meno: yakipinda kama ndoana, badilisha sheni na meno pamoja. Ukikaza sheni, hakikisha alama za kushoto na za kuume ni sawa, ama sivyo gurudumu linakwenda kombo.

Shingo ya usukani. Mtu mmoja ainue mbele ya pikipiki mpaka gurudumu liache ardhi. Wewe shika miguu ya mbele chini, vuta na sukuma. Ikicheza, rulema za shingo zimelegea. Kisha geuza usukani polepole: kama katikati unasikia kitu kinachoshika kama kitundu, rulema zimekufa. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kuanza kutikisa usukani kwa ghafula ukiwa katika mwendo. Likikupata jambo hilo, achia gazi polepole, shika imara bila kupigana, na usifunge freni ya mbele kwa nguvu.

KAMA NI MOTERI

Moteri ya pistoni moja inatetemeka daima kidogo. Ndiyo tabia yake. Tunachotafuta ni mtetemo uliobadilika.

Subiri moteri ipoe, kwani bomba la moshi linaunguza hata dakika nyingi kisha kuzima. Fanya hesabu ya buloni zote zinazoshika moteri kwenye shasi: za mbele, za chini, za nyuma na za juu. Usisahau zile zilizojificha chini ya tangi. Ukiondoa tangi, funga bomba la esanse, fanya kazi nje, na sigara iwe mbali.

Kama moja imekosekana, tia nyingine ya ukubwa na ya ugumu sawa, si msumari wala waya. Ingiza buloni zote kwanza bila kukaza, kisha kaza zote kwa zamu, ili moteri isikae kombo.

Kisha tazama bomba la moshi na vibati vyake, vyuma vya kuwekea miguu, na mzigo wa nyuma. Kitu kidogo kilicholegea kinaweza kulia kama ugonjwa mkubwa. Angalia pia kama moteri inavuta sawasawa: buji chafu ao esanse yenye maji inafanya moteri iruke-ruke, na mtu anadhani ni mtetemo.

Mwisho, tafuta ufa. Osha shasi, kausha, pita na taa karibu na kila pahali chuma kimeungwa. Ufa unajionyesha kwa mstari wa kutu ao kwa rangi iliyopasuka. Ukiuona, usipake rangi juu yake na usiendelee kupanda. Pikipiki yangu ilichukuliwa juu ya mkokoteni, ikaenda kwa fundi anayejua kuunga shasi. Alipasafisha, akapaunga, akaongeza kibati cha nguvu. Shasi iliyopasuka karibu na shingo ya usukani ni hatari kupita zote. Mara nyingi jibu la kweli ni kuibadilisha.

SIMAMA PALEPALE, USIFIKE HATA NYUMBANI

Mtetemo fulani haungoji siku ya pumziko. Ondoka juu ya pikipiki, isukume, kama:

– umeanza kwa ghafula katikati ya safari;
– gurudumu linacheza ukilishika kwa mkono;
– nati ao pini ya gurudumu imekosekana;
– mpira una uvimbe;
– sheni inaruka juu ya meno;
– usukani unatikisika wenyewe ao hauendi katikati vizuri;
– umeona ufa katika shasi.

Kusukuma kilometa 3 ni taabu, kweli. Utachelewa, pengine kapita atakuuliza. Mwambie sababu. Kuchelewa kunaandikwa kwa kalamu, na kesho kunasahauliwa.

MIKONO YAKO INA HESABU YAKE

Kuna jambo moja zaidi, na linahusu hasa ndugu zetu wanaotoboa mwamba kwa mashini. Mtetemo unaoingia mikononi siku kwa siku unaharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu ya vidole. Mwaka 1918, daktari Alice Hamilton wa Marekani aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, katika Indiana, waliotumia nyundo za pumzi. Aliona vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, zaidi wakati wa baridi. Ugonjwa huo ukikomaa, hauponi kwa urahisi.

Sasa fikiri: mtu ametoboa mwamba zamu nzima, kisha anapanda pikipiki inayotetemeka kama nyuki. Mikono yake haikupumzika hata saa moja. Tena mkono wenye ganzi hausikii freni vizuri, na haukamati haraka.

Kama vidole vyako vinawasha usiku, vinakuwa vyeupe asubuhi ya baridi, ao vinaangusha kikombe, nenda dispensari, ueleze kazi yako na pikipiki yako pia. Usishike usukani kwa kuubana. Vaa mifuko ya mikono wakati wa baridi. Punguza sigara, kwani inakaza mishipa ya damu. Lakini usifunge vitambaa vinene kwenye usukani ili usisikie tena mtetemo, na kusema umepona. Hiyo ni kuziba mdomo wa mtu anayekuonya.

NENO KWA MAMA NA WATOTO

Anayekaa nyuma anasikia vitu ambavyo mwendeshaji hasikii. Yeye hashughuliki na gazi wala na magari. Mtetemo wa gurudumu la nyuma unapita kwanza chini yake. Kwa hiyo mama, ukisikia kitu kipya, sema siku ileile. Sema kilianza lini na wapi: «Tangu tulipotoka kwa mtu wa mipira», ao «Tukishuka mlima tu». Maneno kama hayo yana bei kupita mpira mpya.

Nawe baba, ukiambiwa, usijibu kwamba mama hajui moteri. Wa kwangu hakujua jina la buloni ile, lakini alijua wiki iliyotoweka. Ningalimsikiliza siku ile, ningalihifadhi fedha ya mpira, fedha ya rulema, na shasi yangu.

Kijana mwenye miaka 14 ao 15 anaweza kujifunza pamoja nawe. Mpe kazi ya kuhesabu buloni kila siku ya pumziko wakati wa kuosha pikipiki. Atapenda kazi hiyo, na macho yake ni mazuri kupita yako.

TUSHIKE MANENO HAYA

1. Mtetemo uliobadilika una sababu. «Barabara» ni jibu la mvivu.
2. Kitu kilichofunguliwa mwisho kinaangaliwa kwanza.
3. Tenga kwanza magurudumu na moteri, kisha tafuta ndani ya kundi moja.
4. Kitu kimoja kwa mara moja, kisha jaribu.
5. Moteri izimwe na ufunguo uwe mfukoni kila mara mkono unapokaribia sheni.
6. Fundi akimaliza kazi, hesabu naye buloni mbele ya kumlipa. Si kumdharau, kazini pia mtu wa pili anaangalia kazi ya mtu wa kwanza.

Buloni mpya ya pikipiki yangu iko mahali pake sasa. Ile tundu tupu niliipiga picha, naionyesha kwa kila mtu anayeniambia kwamba pikipiki yake inatetemeka lakini amekwisha kuzoea. Ndugu, usizoee. Mashini ya kazini na mashini ya nyumbani zinasema lugha moja, na wewe umekwisha kujifunza kuisikiliza. Isikilize hata ukiwa umevaa nguo za siku ya pumziko.

Safari njema, na urudi nyumbani mzima.